Nyumba Iliondoka, Choo Kikabaki

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja wa ofisini ameshawatumia sauti ya dakika nne, tatu kati ya hizo akicheka tu, nimeona nieleze mwenyewe kabla habari haijavuka ziwa kufika Bukavu. Kwanza, si kweli kwamba nilimchorea mama wa watu choo kitupu. Nyumba nilichora. Vyumba vinne, sebule, baraza, kila kitu. Ilitoka tu kidogo.

Mama mwenyewe anauza vitenge Birere, hapa Goma, na ana parseli (kiwanja) mtaa wa Himbi, ziwa Kivu unaliona pale chini. Jana alikuja na mume wake, kaka yake, na mjomba mmoja mzee ambaye sikuambiwa kazi yake. Nikawasha projekta. Mchoro ukatokea ukutani, unang'aa. Nikajisikia.

Mama akaangalia, akaangalia tena. "Mwanangu, sebule inatazama wapi?"

"Kaskazini, Mama. Volkano yote ya Nyiragongo utaiona dirishani."

"Nyiragongo niliikimbia 2002, nikaikimbia tena 2021. Sasa ninywe chai nikiiangalia? Geuzia ziwani."

Mtu mwenye akili angejibu, "Sawa Mama, kesho nitakuletea." Mimi nikasema, "Ni sekunde tu."

Kuzungusha kitu kwenye AutoCAD, programu yetu ya kuchorea, ni kazi ya mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Unachagua vitu, unaionyesha programu nukta ya kuzungukia, unaandika nyuzi, Enter. Kinachotuumizaga ni upande, maana nyuzi zake zinahesabiwa kinyume cha saa. Ukiandika 90 huku unafikiria saa ya ukutani, mlango unafungukia kwa jirani. (Hilo nalo lilishanipata, tuliache.) Lakini 180! Hata ukikosea upande, unafika palepale. Ndiyo maana nilikuwa naandika huku namwangalia Mama usoni, meno yote nje.

Nikavuta dirisha la kuchagulia, nikakamata mchoro wote. Programu ikaandika pale chini, kwa herufi za sisimizi, kwamba vitu kadhaa viko kwenye kalke (tabaka la mchoro) iliyofungwa, yaani havisogei. Sikusoma. Nani anasomaga pale chini? Ikaniuliza nukta. Vidole, kwa mazoea ya shule, vikaandika 0,0, mahali hesabu ya mchoro inapoanzia. Halafu 180. Enter.

Wenzangu wa kazi, najua mmeshashika kichwa. Wengine, sikieni: parseli ile ilipimwa kwa GPS, kwa UTM, mfumo wa kupima dunia yote kwa kanda, na sisi tuko kanda ya 35 kusini. Huko hesabu ni ya mita, na kusini mwa ikweta inaanzia 10,000,000 ikishuka, kwa hiyo Goma inaangukia kwenye 9,800,000 na kitu. 0,0 si kona ya parseli ya mtu. Nyumba ya Mama ilishika njia, ikaizunguka nukta hiyo, ikatua zaidi ya kilomita 19,000 kutoka Himbi.

Ukutani ikabaki mipaka ya parseli, na mstari wa ziwa. Na katikati, choo.

Vyoo viwili, tuseme ukweli. Kalke ya mabomba, kama ile ya mipaka na ziwa, nilikuwa nimeifunga mwenyewe wiki iliyopita, fundi wa mabomba alipomaliza kuikagua, nisije nikaisogeza kwa bahati mbaya. Haikusogea! Vile viduara viwili vya yai, kila kimoja na tangi lake mgongoni, na shimo lao pembeni. Hakuna ukuta. Hakuna mlango. Peke yake, kwenye ukuta mweupe wa ofisi.

Kimya. Nje nilisikia chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inapita na magurudumu yake ya mbao.

Mjomba akatoa miwani mfukoni, akaifuta na shati, akaivaa. Akainuka. Akatembea mpaka ukutani, polepole, kivuli chake kikikua, akaweka kidole.

"Enjenyeri, hii ni nini?"

"Choo, Mzee."

"Na hii?"

"Ni... choo cha wageni."

Akamgeukia Mama. "Wageni unao kweli."

Nikatoka jasho mpaka kwenye magoti, sikujua magoti yanatoka jasho. Badala ya kubonyeza Ctrl+Z, ya kufuta kosa la mwisho, kama Mkristo, nikaomba programu inionyeshe mchoro mzima. Ikanionyesha. Giza tupu, na vidoa viwili kama mavi ya nzi, kimoja juu kabisa, kingine chini kabisa.

"Sasa hata choo kimekwenda," Mama akasema.

Ctrl+Z. Choo kikarudi, kikubwa vilevile. Kaka yake akakohoa kicheko. Nikapeleka kidole nibonyeze tena, nyumba irudi, na hapo umeme ukakatika. Projekta, pwii. Na betri ya kompyuta yangu mnaijua, ilishakufa tangu mwaka jana.

Basi familia nzima ikashuka ngazi gizani, picha ya mwisho kichwani ni ile. Shefu akanisemesha, nikaomba radhi, jioni umeme ukarudi, nikafungua kalke ya mabomba, nikazungusha vizuri kwa kushika katikati ya nyumba, dakika moja, sebule ikaangalia ziwa.

Leo asubuhi Mama amepiga simu. Hajakasirika. Anataka karatasi, hataki tena ukuta, na karatasi niilete mwenyewe dukani. Nikauliza kama kuna cha kuongeza. Akasema mjomba anauliza kama kile cha wageni kinaweza kubaki na ile mandhari.