Kiunganishi Kilichojificha Ndani ya Kitenzi

Kwenye njia moja ya kushukia ufukweni, huku kwetu Mtwara, kuna kibao cha rangi nyekundu kinachosema: "Unless you don't pay, you cannot enter." Sitataja ni ufukwe gani, maana aliyekiandika alikuwa na nia njema na huenda nilimfundisha mimi. Alitaka kusema "usipolipa, huingii". Alichokiandika ni kinyume chake: wanaoruhusiwa kuingia ni wale tu wasiolipa.

Nafundisha tuisheni ya Kiingereza barazani kwangu, Mikindani. Wengi ni wa kidato cha pili na cha nne, wachache ni watu wazima wanaofanya kazi na wageni. Karibu wote wanaweza kukutajia bila kusita vile viunganishi saba: for, and, nor, but, or, yet, so. Wamevikariri kwa herufi zao za mwanzo, FANBOYS, kama watoto wa madrasa wanavyokariri alifu na bee. Hicho "for" chenye maana ya "kwa kuwa" sijamsikia mtu akikitumia mazungumzoni, lakini kwenye mtihani kila mtu anacho. Mpe sasa mwanafunzi huyo huyo aandike habari za jana, utaona orodha haikumsaidia kitu.

Mimi nadhani tunaanzia mahali sipo. Tunawafundisha viunganishi vya Kiingereza kana kwamba Kiswahili hakina namna yake ya kuunganisha, na hali namna hiyo ndiyo inayowaponza. Vingi vya viunganishi tunavyovitamka peke yake, kama lakini, au, wala, vimetoka Kiarabuni, na hata "kwa sababu" imeazima "sababu" huko huko. Sehemu kubwa ya kazi ya kuunga inafanyika ndani ya kitenzi mpaka leo. "Usipolipa" ni neno moja, ila lina "if" na "not" tumboni. Mwenye kibao alipokutana na "unless" hakujua kwamba nalo lina ukanushi wake tayari, akaongeza wa pili kwenye kitenzi, mahali alipozoea kuuona.

Chukua kiambishi -ka-. Mtoto wa Mtwara akisimulia msimu wa korosho atasema: tuliokota korosho, tukazianika, tukazipeleka ghalani, tukasubiri mnada. Hakuna "na" hata moja, na hakuna aliyepotea njiani, kwa kuwa -ka- inashika mkono kitendo kilichotangulia. Sasa anaandika kwa Kiingereza: "We collected the cashews, we dried them, we took them to the warehouse, we waited." Mwalimu anapiga kalamu nyekundu. Mimi mwenyewe nilipigwa kalamu hiyo miaka minne ya sekondari na hakuna aliyeniambia kwa nini. Sababu ni kwamba kwa Kiingereza alama ya mkato peke yake haina nguvu ya kuunga vishazi huru viwili, yaani vile vinavyoweza kusimama peke yake kama sentensi. Inataka "and" au "so" pembeni yake, au uweke nukta uanze upya. Kule -ka- haipo. Kama ningeambiwa hivyo siku ya kwanza, ningeelewa kwa dakika tano.

Kosa lingine ni hili: "Although it was raining, but we went to the farm." Hapa siwezi kumlaumu mtu, maana bibi zetu wote husema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda," na sentensi inakaa sawa. Kiswahili hakioni ubaya kuonyesha upinzani mwanzoni na katikati. Kiingereza kinaona manahodha wawili kwenye chombo kimoja. Ukiweka "although", "but" ishuke; ukitaka "but", "although" ishuke. Ndivyo ilivyo pia kwa "because" na "so".

Nina kipimo ninachowapa, cha kuhamisha. Kishazi tegemezi, kile kisichoweza kusimama peke yake, kinaweza kuhama na kiunganishi chake: "I went although I was sick" au "Although I was sick, I went." Kikitangulia, weka mkato. Jaribu kuhamisha "but" uone: "But I was sick, I went." Haiendi. Hiyo ndiyo tofauti ya sentensi changamano na sentensi ambatano, na wanafunzi wameshaisoma kwenye kipindi cha Kiswahili kwa majina hayo hayo. Mwalimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wanakunywa chai ofisi moja, ila hawajawahi kuulizana wanafundisha nini. Wangeulizana, wangegundua kwamba "kwa sababu ya mvua" na "kwa sababu mvua ilinyesha" zinalingana kabisa na "because of" na "because", na kosa la "I was late because the rain" lingepungua bila fimbo.

Marufuku ya kuanza sentensi kwa "And" au "But" naipita haraka. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilianza mstari wake wa pili kabisa kwa "And". Waacheni watoto.

Kinachonisumbua zaidi ni -ki-. Nina mwanafunzi mmoja, kijana wa boti, anayewapeleka wageni baharini. Siku moja aliwaandikia: "If the sun sets, we come back." Wageni walicheka mpaka wakamwudhi. Kwake ilikuwa "jua likizama, tunarudi", sentensi safi. Lakini -ki- yetu haisemi kama jambo lina hakika au lina shaka, inakuachia mwenyewe. Kiingereza kinakulazimisha uchague papo hapo: "when" kwa lile utakaloliona, "if" kwa lile linaloweza lisiwe. Nikamwambia afikirie "bei ikishuka". Mkulima aliyeuona msimu wa 2018, bei za mnadani zilipokataliwa mpaka serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, anajua kwamba kusema "if the price falls" na kusema "when the price falls" ni mioyo miwili tofauti. Kwa Kiswahili mioyo yote miwili inatamka neno lile lile.

Kijana alielewa vizuri mno. Akaandika mfululizo kwenye daftari: jua likizama, when. Injini ikizima, if. Maji yakijaa, when. Mgeni akitapika, akafikiri kidogo, akaandika when. Kisha akainua uso.

"Mwalimu, na Mungu akipenda je?"

Nikamwambia aandike "if", ndivyo wenyewe wanavyosema. Akaitazama kalamu yake kitambo, akaandika, ila niliona kwamba haikumkaa.