Utani Hausubiri Saini ya Mkurugenzi

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha kampuni moja nikaonyeshwa jibu moja katika sura mbili, na tangu siku hiyo sijatulia. Mteja alikuwa amechukua picha ya tangazo lao, akaiwekea maneno ya utani, nayo ikasambaa kwa maelfu ya watu usiku uleule. Binti anayeshughulikia kurasa zao za mitandao ya kijamii akaandika: "Tumeiona, mbavu hatuna. Tuletee nyingine." Jibu hilo lilipita kwa meneja wa masoko, likaenda idara ya sheria, likapanda hadi kwa mkurugenzi, na liliporudi siku ya 11 lilisomeka hivi: "Kampuni inathamini maoni ya wateja wake wote." Hakuna aliyeligusa, kwa kuwa waliocheka walikuwa wameshahamia kwenye utani mwingine.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jambo hili huelezwa kila mara kuwa ni la umri: eti wakubwa hawaijui lugha ya vijana, basi na aajiriwe kijana. Kijana alikuwepo, tena aliandika jibu sahihi kwa dakika chache. Alichonyimwa ni ruhusa.

Magazeti, televisheni na kampuni kubwa zimezoea kwamba kitu kikishatoka kimekamilika, na kazi ya mpokeaji ni kupokea. Mtandaoni, kitu huanza kuishi pale mtu mwingine anapokikata, akakiongezea maneno yake na kukipitisha kwa wenzake, kwa hiyo asiyevumilia kuona kazi yake ikichezewa hapati pa kukaa. Mwaka 2007 kampuni ya muziki ya Universal ilitaka YouTube iondoe video ya sekunde 29 ya mtoto mdogo akicheza jikoni, huku wimbo wa Prince ukisikika kwa shida nyuma ya kelele. Mama yake alikwenda mahakamani, na ni mwaka 2015 ndipo mahakama ya rufaa ya Marekani iliposema kwamba mwenye haki lazima kwanza apime kama matumizi hayo ni halali, ndipo adai video iondolewe. Miaka minane ya mawakili, kwa sababu ya mtoto aliyefurahia wimbo uliotungwa ili watu waufurahie.

Uingereza nako, mwaka 2016, baraza la utafiti wa mazingira liliwaomba wananchi wapendekeze jina la meli ya utafiti wa ncha za dunia yenye thamani ya pauni milioni 200. Jina la utani, Boaty McBoatface, lilipata kura zaidi ya 124,000 na kuyaacha mbali majina mengine yote, lakini meli ikaitwa Sir David Attenborough, jina la mtangazaji mashuhuri wa vipindi vya wanyama na mazingira. Baraza lilikuwa na haki, maana lilisema tangu mwanzo kwamba uamuzi wa mwisho ni wake, na mzee huyo anastahili heshima hiyo. Hata hivyo, watu wengi namna ile walikuwa wameifikiria meli ya kisayansi kwa hiari yao wenyewe, jambo ambalo hakuna tangazo linaloweza kulinunua. Busara ilionekana pale jina lile lilipopewa chombo kidogo cha chini ya maji cha meli hiyohiyo, na watu wakaendelea kufuatilia safari zake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hofu ya wakurugenzi ina sababu. Januari 2012 McDonald's iliwaalika watu Twitter wasimulie habari zao njema kuhusu migahawa yake, yakamiminika malalamiko, na kampeni ikasitishwa ndani ya saa chache. Lakini malalamiko hayo hayakuzaliwa siku ile. Watu walikuwa wakiyasema kwa muda mrefu, na siku ile waliulizwa.

Wengine hulaumu kasi ya mitandao, wengine bajeti. Sioni uzito wa hoja hizo, kwa sababu jibu la yule binti halikugharimu chochote.

Wiki hii mteja yuleyule ametengeneza picha ya pili, nzuri kuliko ya kwanza. Nimempigia binti kumuuliza kama wameshamjibu, akaniambia rasimu iko idara ya sheria tangu Jumanne.