Mwacheni Mtoto Aache Weupe

Jumamosi iliyopita mama mmoja alikuja kumchukua mwanawe kwenye darasa langu la kuchora. Akaishika karatasi, akaigeuza huku na huku, kisha akaniambia kwa upole: "Mwalimu, leo naona hajamaliza kupaka rangi." Alikuwa anamtazama mbwa wa puto, wa rangi ya chungwa, mwenye mabaka meupe mgongoni, puani na kwenye kila mguu. Nikamwambia, "Amemaliza, mama. Hayo mabaka ndiyo yaliyomtoa jasho."

Mbwa huyo asili yake ni sanamu ya Jeff Koons, msanii wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1955. Alichukua kile kimbwa cha puto refu linalosokotwa kwenye sherehe za watoto, akakitengeneza kwa chuma cha pua kilichong'arishwa kikawa kama kioo, kimo chake zaidi ya mita 3. Mradi ulianza mwaka 1994, na mbwa wako watano, kila mmoja na rangi yake. Wa chungwa aliuzwa mnadani New York Novemba 2013 kwa dola milioni 58.4. Bei hiyo naitaja mara moja tu, watoto wanaguna, tunaendelea. Tukikaa hapo, somo zima litageuka la pesa.

Watoto wetu wengi huanzishiwa uchoraji kwa karatasi ya fotokopi: tembo keshachorwa, kazi ya mtoto ni kujaza rangi bila kuvuka mstari. Karatasi hiyo nimeichoka. Inamzoesha mtoto kuamini kwamba picha nzuri ni ile iliyojaa, na mwalimu anasahihisha kwa kutafuta palipobaki wazi. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia achore kitu kinachong'aa, ataanza kupekua boksi akitafuta krayoni ya fedha. Asipoiona, anakata tamaa.

Mng'ao hauna krayoni yake. Ni karatasi iliyoachwa nyeupe, ikagusana ghafla na giza. Ukiufifisha ule mpaka ulio kati ya weupe na giza, unapata mbwa wa kitambaa. Ukiuacha mkali, unapata chuma. Ndiyo maana puto hatuligusi mwanzoni. Kila mtoto anakuja na kijiko kutoka nyumbani. Tunatazama mgongo wake: dirisha liko wapi, limepinda vipi, pale kwenye ukingo pana weusi gani? Tukigeuza upande wa ndani, sura zinasimama kichwa chini, na hapo darasa linapotea kwa dakika tano za kucheka. Nawaacha wacheke, maana wakati huo wanatazama kijiko kuliko walivyowahi kukitazama maishani.

Halafu ndiyo tunamjenga mbwa. Ana vipande 10: pua, masikio mawili, shingo, miguu miwili ya mbele, mwili, miwili ya nyuma na mkia. Vipande vibanane kama soseji zilizofungwa uzi, na pale vinapobanana ndipo penseli ikandamizwe zaidi. Mtoto wa miaka saba analiweza hilo. Kinachomshinda ni kuweka weupe upande mmoja kwenye kila kipande, kwa sababu dirisha ni lilelile. Simsahihishi. Namuuliza, "Mwanga unatoka wapi?" Ananionyesha kwa kidole, anaitazama karatasi yake, halafu anaifuata raba mwenyewe.

Wapo wanaoniuliza kwa nini mtoto wa Dar es Salaam achore mbwa wa Mmarekani wakati tuna Tingatinga. Swali hilo ni la haki. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama wake mwaka 1968, hapahapa mjini, na darasani kwangu tunamchora sana. Chui wake na madoa yake yaliyopangika humfundisha mtoto ujasiri wa mstari na mpangilio. Mbwa wa chuma humfundisha kutulia na kutazama kilicho mbele yake. Nataka watoke na vyote viwili. Isitoshe, kitu kinachong'aa hivyo hubeba chochote kilichokizunguka. Mwaka 2008 mmoja wa mbwa hao aliwekwa ndani ya kasri la Versailles, Ufaransa, na mwilini mwake zikaingia kuta za wafalme. Wa kwetu matumbo yao yana feni, madawati, na dirisha lenye nondo.

Yule mtoto wa Jumamosi nondo zake zilikuwa zimepinda kama upinde, sawasawa kabisa na zinavyopinda kwenye kijiko. Chini yake palikuwa na kidoa cheusi. Mama yake akauliza, "Na hiki uchafu?"

"Ni mimi, mama," akajibu. "Nimekaa, nachora."