Kuna Ulaya mbili

Wiki iliyopita nilikaa siku nzima kwenye kongamano la nishati safi, hoteli moja ya ufukweni hapa Dar. Kuanzia chai ya saa nne tukawa tunaambiwa mkaa ni adui wa taifa. Mtoa mada mmoja akafika mahali pa kusema anayepikia mkaa anawachomea wajukuu zake msitu. Makofi. Saa saba tukatoka kwenda kula, na chakula chenyewe kilikuwa nyama choma. Mkaa umeiva, mafuta yanachuruzika, na mtoa mada wetu yuko mbele kabisa kwenye foleni. Na mimi nilikula, sitawadanganya. Kwa hasira nikaongeza na kipande cha mbavu.

Nimerudi nyumbani nikiwaza Ulaya. Wilayani Kilosa kuna kijiji kinaitwa Ulaya Mbuyuni. Halafu kuna ile Ulaya nyingine, ya viza.

Tuanze na ya viza. Uingereza, karibu na mji wa Selby, kuna mtambo wa umeme wa Drax. Ulijengwa kuchoma makaa ya mawe, siku hizi unachoma miti. Mamilioni ya tani za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kuwa peleti, kila mwaka, nyingi zikivuka Atlantiki kwa meli kutoka Marekani na Kanada. Kwenye daftari la hewa ukaa moshi wa bomba lile unaandikwa sifuri, eti kaboni yake ihesabiwe kule mti ulikoangushwa. Kuchoma miti namna hiyo kunaitwa nishati jadidifu, yaani inayojirudia bila kuisha, na kunalipwa ruzuku. Mwaka 2024 mdhibiti wa nishati wa huko alikuta taarifa za kampuni kuhusu mbao za Kanada haziko sawa, kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 25. Jina likabaki lilelile, jadidifu. Mwaka 2025 wakakubaliana ruzuku iendelee hadi 2031, japo imepunguzwa.

Sasa njoo Ulaya yetu. Kuanzia mwaka 2012, vijiji kadhaa vya Kilosa, wakisaidiwa na mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA, vilitenga sehemu ya msitu wa kijiji kwa ajili ya mkaa. Sehemu, si msitu wote. Wakaigawa vitalu vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti: hiki kinavunwa, cha jirani kinaachwa. Kitalu kikishavunwa hakiguswi tena mpaka ipite miaka 24. Kisiki kinaachwa kichipue, kwa sababu miti mingi ya miombo ukiikata vizuri haifi, inarudi yenyewe bila kitalu cha miche wala mgeni rasmi wa kupanda mti na kupiga picha. Ushuru unaingia kwenye akaunti ya kijiji, na kuna madarasa na zahanati zilizojengwa kwa hela hiyo.

Mkaa huo ukifika Dar unaitwa nishati chafu, sawasawa na ule ulioibwa hifadhini usiku.

Na safi ni ipi? Gesi ya mtungi! Zao la mafuta ghafi na gesi asilia, linalokuja kwa meli na kulipiwa dola. Hata mkaa mbadala unaosifiwa sana, ule wa STAMICO, shirika la madini la taifa, umetengenezwa kwa makaa ya mawe. Yaani kinachoota tena tunakikimbia, kisichoota tunakipamba. Halafu tunaita hiyo sera ya kuokoa mazingira.

Haya, najua mtakachosema. Moshi. Kweli, moshi unaua, na mama yangu kapikia kuni zaidi ya miaka thelathini, macho yake nayajua. Kama mkakati ule wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, ungesema tu tunataka asilimia 80 ya Watanzania wapumue vizuri jikoni, ningenyamaza. Lakini kila hotuba inaanza na hekta za msitu, zile 469,000 zinazopotea kila mwaka, kana kwamba zote ziliingia kwenye jiko la mama lishe wa Tandika. Aliyekaa kijijini anajua kinachoua msitu moja kwa moja. Mchoma mkaa akiondoka visiki vinabaki na uhai. Akija wa shamba la ufuta anang'oa na visiki, na huyo hakuna kongamano linalomsema, kwa sababu ufuta unaleta fedha za kigeni.

Wala sisemi kila kinachoota ni halali. Waulizeni Kisarawe habari za mbono, ule mmea wa mbegu za mafuta unaoitwa pia jatropha. Kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji ipande mafuta ya magari, na mwaka 2011 kampuni ikafa. Ardhi ilishaondoka mikononi mwa wanakijiji. Hiyo nayo ilikuwa kijani kwenye makabrasha.

Kuna rafiki yangu mwalimu, shule siitaji. Lilipokuja agizo kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, wakafungiwa majiko ya gesi, yanang'aa. Wageni wakija wanapelekwa jikoni huko. Gesi ikiisha, na inaisha kabla ya bajeti, mpishi anazunguka nyuma ya bweni, kuna mafiga. Kuni zenyewe hazina kibali wala risiti, maana huwezi kuomba kibali cha kitu ambacho rasmi hukitumii.

Jumamosi na mimi mtungi uliniishia maharage yakiwa nusu. Nikatoka kutafuta mkaa, nikajiapiza safari hii nitanunua ule wa vijiji, wenye karatasi zake. Nikauliza wauzaji watatu mtaani mkaa wao unatoka wapi. Wa kwanza akasema Handeni. Wa pili akasema, "Kaka, mkaa ni mkaa." Wa tatu akafunika gunia, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akaniuliza kama mimi ni mtu wa maliasili.