Goma ikae au ihame? Tuangalie kwanza nani alisukumwa kuelekea mlimani

Kila volkano ya Nyiragongo inapolipuka, hoja ya kuhamisha mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, inarudi. Ilisikika baada ya 17 Januari 2002, makoro, yaani uji wa moto wa volkano unaopoa na kuwa jiwe, yalipopita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, yakaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, maduka na sehemu ya kaskazini ya uwanja wa ndege, yakaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Ikasikika tena Mei 2021.

Wanaotaka mji uhame hawasemi ovyo. Mlipuko wa 22 Mei 2021 uliwakuta watu majumbani jioni, hakuna aliyekuwa ameambiwa akae tayari. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 iondoke, kwa hofu kwamba uji wa moto ulikuwa umefika chini ya mji wenyewe. Mamia ya maelfu wakaondoka, wengi wakaelekea Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, wakalala makanisani na shuleni, maji ya kunywa yakawa taabu. Matetemeko ya siku zile yalipasua kuta nyingi.

Lakini wahamie wapi? Wengi hutaja upande huohuo wa Sake. Huko kuna mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotulia mabondeni na kuua mifugo, hata watu. Na Nyamulagira, jirani wa Nyiragongo, ilimwaga makoro yake hadi ziwani karibu na Sake kati ya 1938 na 1940. Isitoshe, mama anayevuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, kila asubuhi na beseni la mboga kichwani hawezi kuishi zaidi ya kilomita 20 kutoka mpakani. Goma inakula kwa sababu ya mpaka na bandari.

Ndiyo maana 2002 watu walirudi kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda, ndani ya siku chache, ardhi ikiwa bado na joto. Mtu alikuta parseli (kiwanja) yake chini ya makoro, mahali pengine karibu mita mbili, mipaka haionekani. Jembe halifai kitu hapo. Msingi unapasuliwa kwa nyundo na tindo, na mawe yanayotoka ndiyo yanayopanda kuwa ukuta. Mwenye mtaji alimwaga saruji. Asiye nacho alisimamisha nyumba ya mbao juu ya mawe, na choo kikamshinda, maana shimo halichimbiki. Nyumba hiyo hustahimili tetemeko kuliko ghorofa lenye vyuma haba, lakini moto ukishika moja kule mtaa wa Birere, safu nzima inaungua.

Biashara ilipona upesi, na wengi wanaosifu kufufuka kwa Goma wanahesabu maghorofa. Mimi nawaangalia wapangaji. Mashirika ya misaada na Umoja wa Mataifa walipopanga nyumba nzuri za mjini, kodi ikapanda, tena kwa dola, na mpangaji akadaiwa garanti (amana ya kodi) ya miezi kadhaa kabla ya kushika ufunguo. Wenye kipato kidogo wakasogea kaskazini, mtaa wa Majengo, kisha Buhene, walikofika pia waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Kaskazini ndiko uliko mlima. Makoro ya 2021 yaliishia Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Maduka ya katikati hayakuguswa. Zilizoteketea ni nyumba za pembezoni na za vijiji vya eneo la utawala la Nyiragongo.

Kwa hiyo nakubali mji ubaki, ila sikubali ubaki hivi. Serikali iache kugawa parseli kwenye njia ya makoro, na ijenge nyumba za kupanga za bei nafuu ndani ya mji, zenye kukaguliwa kwa ajili ya matetemeko. Barabara za kukimbilia Sake na mpakani zisizibwe na vibanda. Na waliounguliwa Buhene wapimiwe viwanja vyao na kupewa hati, maana wengi walinunua kwa karatasi ya mashahidi tu, na karatasi hiyo iliungua pamoja na nyumba.