Kanisa lisilo na maegesho

Kila Rwanda inapofunga makanisa, mitandaoni huku kwetu watu hushangilia. "Kagame hana mchezo," wanaandika, kisha wanatajwa manabii wauza mafuta na maji ya upako, na mjadala unaishia hapo. Lakini ukizisoma sababu zilizotolewa mwaka 2018, makanisa zaidi ya 700 na msikiti mmoja yalipofungwa Kigali, si utapeli uliofunga milango ile. Kilichofunga ni hali ya majengo, usafi, kelele, vibali, na ukosefu wa maegesho ya magari.

Serikali ina hoja, tena nzito. Machi 2018 radi ilipiga kanisa la Wasabato wilayani Nyaruguru, kusini mwa nchi, ikaua watu 16. Anayekusanya mamia ya watu chini ya paa moja lazima aulizwe kuhusu moto, radi na vyoo. Jirani anayekesha na spika ukutani kwake naye ana haki zake. Wala si Wapentekoste peke yao waliobanwa: mwaka huohuo misikiti ya Nyarugenge iliagizwa iache kutumia vipaza sauti kwa adhana. Sheria iliyofuata iliwataka viongozi wa dini wawe na shahada ya theolojia, ikawapa miaka mitano ya kujiandaa. Julai 2024 yakafungwa mengine zaidi ya 4,000, na waziri akasema lengo ni usalama na utulivu wa waumini, si kuzuia watu kusali. Sina sababu ya kudhani alidanganya.

Kinachonikwaza ni maegesho. Gari moja likisimama linachukua takribani mita za mraba 12, hapo hujahesabu njia ya kupita na kugeuzia. Magari 20 yanataka mita 240, eneo linaloweza kukalisha waumini 200 bila kubanana. Sasa kanisa dogo la mtaani, lile la mabati au la chumba cha kupanga, linaendewa na nani? Na mama anayeshuka kilima kwa miguu, na kijana wa bodaboda, na majirani wa nyumba ya tatu. Kuliambia linunue kiwanja cha magari ambayo waumini wake hawana ni kuliambia lihame, au life. Linganisha na Sainte-Famille, kanisa Katoliki lililopo katikati ya Kigali tangu 1913. Lilipata uwanja wake kabla jiji halijaanza kumuuliza mtu mita za mraba. Kanuni ni moja kwa wote kwenye karatasi, ila aliyetangulia kupata ardhi haimgusi, na aliyekuja juzi na sadaka za sarafu inamfungia mlango.

Kwamba maegesho yanaweza kubeba mambo mengine kabisa, Marekani imelionja hilo. Mwaka 2012 Waislamu wa Basking Ridge, katika mji wa Bernards jimboni New Jersey, waliomba kibali cha kujenga msikiti. Kwa makanisa kanuni ilikuwa nafasi moja ya gari kwa watu watatu, kwa hiyo waumini 150 wangehitaji nafasi 50. Msikiti ukaambiwa 107. Vikao 39 vikafanyika, na Desemba 2015 ombi likakataliwa. Jaji aliamua mwishoni mwa 2016 kwamba kuupimia msikiti kwa kipimo tofauti na cha kanisa ni ubaguzi, na mwaka 2017 yakafikiwa maridhiano ya dola milioni 3.25. Walishinda kwa sababu tangu mwaka 2000 ipo sheria ya shirikisho inayokataza mji kuibagua nyumba ya ibada kwa sababu ya dini yake. Miji inalalamika kwamba sheria hiyo huifanya iogope kesi hata pale foleni inapokuwa kero ya kweli, na malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Lakini mlalamikaji alipata mahakama ya kupimia dai lake. Wachungaji sita wa Kigali waliopinga kufungiwa mwaka 2018 walikamatwa.

Watetezi wa ukali hupenda kuitaja Shakahola. Msitu ule wa Kilifi, Kenya, ulifukuliwa miili zaidi ya 400 mwaka 2023, wengi wakiwa waumini waliofunga kula hadi kufa, na nani asiyetaka serikali iwe macho? Ila hebu tujiulize mkaguzi wa majengo angeona nini pale. Kanisa la Paul Mackenzie, mhubiri anayehusishwa na vifo hivyo, mjini Malindi lilishafungwa 2019. Mahubiri yakahamia porini, ambako nafasi ya kuegesha haikuwa tatizo. Mhubiri hatari anatafutwa na polisi na mashahidi, kwa sheria ya jinai. Futi ya kupimia haimfikii.

Basi mtu wa mipangomiji anayetaka kutenda haki atenganishe mambo. Hatari ya moto, radi na vyoo: funga leo, fungua likirekebishwa, kanisa liwe la nani. Kelele: ipimwe kwenye ukuta wa jirani, kwa kipimo kilekile cha baa na ukumbi wa harusi, maana sijasikia kumbi za sendoff zikifungwa kwa mamia kama makanisa. Maegesho: yahesabiwe kwa magari yanayokuja kweli. Mkaguzi aende Jumapili saa nne asubuhi, au Ijumaa adhuhuri, asimame mlangoni ahesabu.