Hiyo bei ni ya trekta tupu

Hivi ni nani alikubali kwamba trekta liuzwe bila plau? Nauliza kwa amani kabisa. Nimeshika proforma hapa, ile karatasi ya bei ya dukani, ina mhuri, ina saini, ina yale maandishi madogo ya chini yanayosema bei itadumu siku saba, na juu imeandikwa trekta moja, nguvu ya farasi 75, basi. Plau hakuna. Haro la kuvunja mabonge hakuna. Tela usiulize. Yaani unanunua chombo cha kukufikisha shambani, ukishafika unashuka mnaangaliana na shamba.

Na sisi watu wa Kongwa, Dodoma, hatutafuti trekta la kupigia picha. Nyie wa huko kwenye udongo mweusi laini mnaweza kulima hata na kijiko, hongereni. Huku kwetu Waingereza walikuja 1947 kulima karanga, wakaja na matrekta ya kila aina, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, vile vya Sherman, na bado ardhi ikawagomea, mvua nayo ikakaa pembeni inatazama, kufika 1951 wakafunga mradi wakaenda zao. Kifaru kimeshindwa jamani. Halafu leo kijana wa dukani ananisogezea katrekta ka farasi 28 anasema "hii mzee wangu ndo size yako, inafaa kwa property". Property! Mimi nina ekari arobaini, nusu yake visiki, na mbuzi wa jirani ambao wameshazoea kule wanadhani wana hati.

Sasa naomba ieleweke kwamba nilikwenda Dar kiheshima. Nilivaa koti. Nilikuwa na bahasha ya kaki chini ya kwapa, ndani yake hamna kitu ila inasaidia. Na sikwenda peke yangu, nilikwenda na wataalamu wawili. Wa kwanza mzee fundi, huyu aliendesha Valmet enzi zile yanaunganishwa Kibaha miaka ya 1980, anajua trekta kwa mlio, ukimpitishia barabarani akiwa ndani anakula ugali anakwambia hilo nozo mbili zimekufa. Wa pili shemeji yangu, ambaye hajawahi kulima hata bustani ya mchicha ila ameangalia video nyingi sana, na nauli yake nimelipa mimi sijui kwa sheria ipi.

Tukashuka Barabara ya Nyerere, sisi wa zamani tunaiita Pugu Road, tukaingia kwenye duka moja lina vioo na kiyoyozi. Matrekta yamepangwa, yamepigwa polishi. Kijana akaja na tablet.

"Karibuni sana wazee wangu. Mnaangalia ya ukubwa gani?"

Nikasafisha koo. Nilikuwa na hotuba. "Kijana, sisi ni wawekezaji katika sekta ya..."

"Fo-wili," shemeji akadakia, "yenye kabini. Na AC."

Mzee fundi hakujibu hata salamu. Nikitazama simwoni, nikitazama chini naona miguu miwili imetokeza nyuma ya tairi, soksi moja ya bluu nyingine nyeusi.

"Mzee yuko sawa?" kijana akauliza.

"Yuko kazini," nikamwambia.

Sauti ikatoka chini ya trekta: "Hili limezaliwa wapi?"

"Ni jipya kabisa mzee, lina masaa sifuri."

"Sijauliza umri."

Kijana akatabasamu kile kitabasamu cha semina. "Hii ni Massey Ferguson mzee wangu, 375, brandi ya Uingereza."

Miguu ikaanza kutoka, kikafuata kiuno, kikafuata kichwa kimepakaa grisi, sijui aliipata wapi kwenye trekta jipya. "Kiwanda cha Coventry, Uingereza, walishafunga," mzee akasema kwa huzuni, utadhani anatangaza msiba wa ukoo. "La mwisho lilitoka mwishoni mwa 2002. Mimi nakuuliza hili, la Lahore au la Chennai kule India?"

Kijana akasogeza tablet juu, akasogeza chini. "Pakistani, mzee."

"Lahore basi. Injini?"

"Perkins."

"Hapo sawa." Akarudi chini.

Mimi nikabaki na koti langu. Na ukweli mzee ana hoja, maana huku kwetu trekta unalichagua kwa kufikiria siku litakayokufa. Masifagasoni likifa Kibaigwa saa kumi jioni, kesho yake pampu imefunguliwa chini ya mwembe na fundi mwenye kandambili, spea unapata mpaka kwenye duka la vifaa vya baiskeli. Hilo lingine la kijani lenye kompyuta ni zuri sijakataa, ila likiwasha taa nyekundu unaanza kutafuta mtu mwenye laptop, na mtu mwenye laptop yuko Dar, na anataka posho, na mvua haijui kama kuna mtu anasubiriwa.

"Farasi 75 hizi," mzee sasa kasimama, anajifuta mikono kwenye leso yangu mimi, "ni za injini au za nyuma?"

"Zote mzee."

"Zote haziwezi kufika nyuma. Nyingine zinafia njiani kwenye gia. Kule kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, zinafika sitini na ngapi?"

"Ngoja niulize ofisini."

Akaenda akarudi. Kajibu. Mzee akauliza klachi kama ni dabo. Kijana akaenda ofisini. Akauliza haidroliki zinanyanyua kilo ngapi. Ofisini. Akauliza difu loki ni ya mguu au ya mkono, kijana mpaka kiatu kimeanza kulia. Shemeji wakati huo yuko kwenye lile trekta lingine lenye kabini, kajifungia, anageuza usukani, anatupungia mkono. Akafungua kioo kidogo akapiga kelele, "Shem! Lina Bluetooth!" Bluetooth. Nimpigie nani muziki kule, mbigili?

Halafu mzee akauliza lile swali. "Na maji, mnajaza nyie au tunajaza wenyewe?"

"Maji yapo mzee wangu, kwenye friji pale. Ya baridi au ya kawaida?"

"Ya matairi."

Kijana akaniangalia mimi. Nikaangalia bahasha yangu. Ikabidi mzee atoe darasa pale pale mbele ya wateja wengine, kwamba matairi ya nyuma yanajazwa maji robo tatu ili trekta liwe zito, la sivyo plau likizama kwenye udongo wa Kongwa matairi yanazunguka tu pale pale, unachoma dizeli unachimba kaburi. Na kwamba kwa udongo wetu uhesabu farasi 25 kwa kila diski, kwa hiyo diski tatu ni 75, kwa hiyo mtu asimdanganye mtu na farasi 28. Watu wakapiga makofi. Mzungu mmoja akapiga picha.

Sasa tukafika kwenye bei, na hapa ndo heshima yangu ilipoanza kunitoka. Kijana haitamki. Anaandika kwenye kikokotoo halafu anakigeuza taratibu kuelekea kwako, kama daktari mwenye majibu mabaya. Milioni 68.

Mimi hela yoyote naipima kwa gunia. Gunia la mahindi pale Kibaigwa tuseme elfu 60, likikubali, hiyo ni gunia zaidi ya 1,100. Sijawahi kuziona gunia 1,100 za kwangu zimekaa sehemu moja. Lakini nikajikaza, nikakohoa kitajiri, nikasema, "Na hiyo ni pamoja na VAT?"

"Trekta la kilimo limesamehewa VAT mzee wangu."

Nikafurahi. Nikauliza, "Na plau humo humo?"

"Hapana mzee, hiyo bei ni ya trekta tupu."

"Tupu kivipi?"

"Plau la diski tatu milioni saba na nusu. Haro milioni nane na kitu, inategemea diski. Weiti za mbele zinalipiwa. Kanopi ni opsheni."

"Kanopi ni nini?"

Akanyoosha kidole juu. Kibati. Kile kibati cha kumkinga dereva jua ni opsheni. Mwenye kiwanda anaijua Dodoma? Amewahi kusimama Kongwa mwezi wa kumi saa saba mchana bila kofia?

"Pini ya kuvutia tela?"

"Ipo stoo mzee, inauzwa."

"Usukani?"

"Usukani upo mzee wangu."

"Ahsante sana. Mungu akubariki. Na viti?"

"Kimoja."

Jamani mimi nina umri wa kuheshimiwa, lakini pale nilivua koti. Nikamwambia kijana nipe bei ya trekta lenye uwezo wa kulima, sitaki la kuangalia, la KULIMA, akajumlisha akajumlisha akageuza kikokotoo tena, na mimi sikukiangalia, nilimwangalia mzee fundi akiangalia, na sura ya mzee ilinitosha. Tena akaongeza kwa kunong'ona kwamba hiyo ni bei ya leo tu maana "dola inacheza". Dola gani kijana? Serikali imeshapiga marufuku tangu Machi 2025 kuuziana kwa dola humu ndani. Akasema ndio mzee wangu, sisi tunauza kwa shilingi, ila shilingi yenyewe inaangalia dola. Nikakosa jibu.

Punguzo? Lipo. Kofia mbili na tisheti. Shemeji alishaivaa ya kwake.

Mnataka kuniambia ninunue mtumba wa Uingereza. Nimeuona mmoja. Mita inasoma masaa 2,100 na pedali ya klachi imeisha mpira mpaka chuma kinang'aa, huyo dereva alikuwa na mguu wa tembo au mita ilirudishwa, chagua. Pawatila, kale katrekta ka kushika kwa mikono ukitembea nyuma? Jirani yangu alichukua lake kipindi kile cha kampeni ya serikali ya Kilimo Kwanza, 2009 kwenda mbele, kwenye udongo wetu lilikuwa linarukaruka juu juu yeye anaburuzwa nyuma, leo linabeba matofali na linafanya kazi nzuri sana ya matofali. Kukodi? Kila mtu anakodi wiki moja ile ile ya mwanzo wa Desemba, na zamu yako ikifika mvua imeshalowesha ikakauka, na mwenye trekta anakwambia ekari moja tuongeze kidogo si unaona dizeli, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wa serikali wanatangaza bei mpya ya mafuta na yeye anaisikiliza ikipanda tu, ikishuka huwa redio yake haina betri. Mkopo? Dada wa benki alinipokea vizuri, akanipa na soda, mpaka nilipotoa hati ya kimila ya shamba, akaishika kwa vidole viwili akaniuliza kama nina nyumba mjini.

Na hayo yote yangevumilika kama watu wa nyumbani wangeninyamazia. Tulivyorudi shemeji kashuka kwenye basi na ile kofia ina picha ya trekta. Basi. Kufika jioni kijiji kizima kinajua nimenunua. Mtu kaja kuniamkia ananiambia, "Mjomba hongera, mimi naomba ekari zangu mbili uziweke za kwanza, tutahesabiana kwenye mavuno." Tutahesabiana! Nina madeni ya kulimia watu na trekta lenyewe bado liko Pugu Road linapigwa polishi. Mama mmoja wa kwaya kauliza tela langu linabeba watu wangapi wa msibani. Mwenyekiti wa ujenzi wa kanisa ameshanipangia trip za mchanga, ameandika kabisa kwenye daftari, mbele ya jina langu kaweka "Bw. Trekta". Nikisema sijanunua wanacheka, wanasema matajiri ndo walivyo, hawapendi kusemwa.

Madereva wa kuomba kazi nao wameanza kuja. Mmoja nilimuuliza trekta linakula lita ngapi kwa ekari, akasema "inategemea bosi unaweka ngapi", huyo nikamsindikiza mpaka njiani, maana nimeshaelewa nyingine zitakuwa zinalima kwenye galoni nyumbani kwake. Mwingine kaja na barua ya mtendaji wa kijiji na jogoo. Jogoo nimekataa. Mke wangu kapokea.

Na sasa hivi wakati naandika imeletwa kadi ya mchango wa harusi. Mwaka jana kwenye kadi za namna hii nilikuwa wa elfu 30, nalipa kwa awamu mbili na hakuna anayenisema. Leo wameniandikia laki tano, kwa wino mwekundu, na kamati imeniteua mwenyekiti wa usafiri. Nimeuliza bwana harusi ni nani. Ni mdogo wake yule wa jogoo. Nimemwambia mke wangu jogoo arudishwe leo leo, ananiambia jogoo yupi, tumemla jana, na mimi ndo niliomba niongezewe mchuzi.